Friji Lililoomba Radhi

Mbuzi ndiye aliyeleta yote. Mbuzi wa kwenye simu, kavaa koti na tai, kakaa nyuma ya meza ya studio, anasoma taarifa ya habari: mchele umepanda, maji yatatoka kesho, wananchi wanaombwa kuvuta subira. Hafiz aliiweka simu katikati ya baraza, ubavuni mwa sahani ya kashata, na watu wakaiinamia kama wanatazama mtoto mchanga.

"Video ya akili mnemba hiyo," alisema. "Iko kwenye habari leo. Kijana kaitengeneza chumbani kwake, watu milioni mbili washaitazama. Wengine wanamwandikia yule mbuzi, wanamuuliza na sukari je."

Hafiz anatembeza wageni Mji Mkongwe, na mtaani wanamwita Bando, kwa kuwa mkono wake bila ya simu haujaonekana na mtu. Kijiwe chenyewe ni cha Transfoma, Jang'ombe: mabaraza mawili ya saruji chini ya nguzo yenye transfoma inayonguruma mchana kutwa kama inapika kitu kikubwa, na ukifika wakati wa watu kutaka feni, inanyamaza.

"Akili mnemba," Mzee Mmanga alilitafuna lile neno. "Kile kisiwa?"

"Siyo, Hakimu. Akili ya mashine."

"Nnauliza tu. Maana kisiwa chenyewe nakijua kwa mbali."

Mmanga alikuwa karani wa mahkama mpaka alipostaafu, na tangu hapo kila mazungumzo kwake ni kesi. Ndiyo maana ni Hakimu. Lakini aliyechomwa na habari ile hakuwa yeye. Aliyechomwa ni Ubwa, fundi wa mafriji, ambaye kijiwe kizima kinamwita Kipaza, kwa sababu akisema pale hata aliyelala nyumba ya tatu anajua kasema nini. Ubwa hasahau. Kila ahadi iliyotolewa jukwaani tangu yeye mtoto wa kushika kanga ya mama yake kwenye foleni ya mchele, anayo: nani aliitoa, kavaa shati gani, na nani alipiga makofi. Skuli hakufika mbali. Kasoma magazeti ya kufungia maandazi, yote, na mafuta yake.

"Yaani mbuzi," alisema, akaweka kikombe chini. "Mbuzi kasema mchele umepanda, watu milioni mbili wametulia wanamsikiliza. Mie nalisema hilo hapa tangu miaka ya foleni. Nani kanisikiliza?"

"Sisi," alisema Mcha.

"Weye unauza kahawa. Huna pa kukimbilia."

Mcha ni Mtumbatu, mwenye birika, na maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kikombe kimoja. Alishasema lake, akarudi kwenye birika.

"Tai, Kipaza," alisema Hafiz. "Mbuzi ana tai. Weye kila siku shati la grisi."

"Tena mbuzi anasema dakika moja anaondoka," Hakimu akadakia. "Weye ukianza Laasiri, mwadhini anakukuta hujauvuka mwaka wa themanini."

"Mambo yale huwezi kuyafupisha."

"Huwezi. Ndiyo maana hata mkeo kayakimbia."

Mcha akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vishapangika. Hakimu akajikohoza, akatazama nguzo kama kuna jambo kaliona huko juu.

Habari yenyewe mtaa mzima ulikuwa nayo. Amne, mke wa Ubwa, alikwenda kwao Mtoni kwenye harusi ya binamu yake. Harusi ikaisha, masufuria yakaoshwa yakarejeshwa kwa wenyewe, na yeye asirudi. Hawakugombana. Hapakuvunjika hata bilauri. Akaja tu mtu kuchukua nguo zake na cherehani. Nguo hazikumtisha Ubwa. Cherehani ndiyo iliyomkosesha usingizi: mwanamke akichukua nguo kanuna, akichukua cherehani ana mpango. Na mpango ukajulikana. Kaka yake, Abdulwahid, kapata nyumba Fumba kwenye yale majumba mapya, ina chumba cha mbele kinachofaa kwa kushonea, na Jumamosi anahama. Amne kasema atahama naye.

"Leo Jumatano," alisema Ubwa, bila ya kuulizwa. Sauti ilikuwa ndogo, si ya Kipaza. "Na kosa langu sijalijua. Nimekaa nimefikiri mpaka nimechoka. Labda lile friji."

"Friji lipi?"

"La ile nyumba ya wageni. Ukumbini hamna nafasi, nikaliweka chumbani. Kompresa imekufa, linavuja."

"Linavujia upande gani?" aliuliza Hakimu.

"Upande wake."

Hakimu akafumba macho, akaandika hukumu hewani kwa kidole.

Ng'ambo ya uchochoro, Bi Time alikuwa akikoroga sufuria lake la urojo, akacheka peke yake. Bi Time na Amne ni mashoga tangu skuli.

"Bi Time, unacheka nini?" aliuliza Hafiz.

"Nazichekea bajia zangu."

"Kama unalijua kosa, tusaidie."

"Mwenye kuhusika hajaniuliza," alisema, akaonja chumvi.

Ubwa hakuuliza. Alishaona kosa ni friji, na Ubwa akishaona hutamtoa.

"Nenda Mtoni kwa miguu yako," alisema Hakimu.

"Nikaseme nini? Mara ya mwisho nilikaa kwa mkwe, Bi Shemsa, toka chai mpaka chakula naangalia dari. Mkwe akadhani natafuta pa kufunga feni."

"Weye? Kipaza?"

"Mbele ya mkwe sauti inaingia ndani."

Hafiz alikuwa kaishika simu yake kwa mikono miwili, na uso wake ukawaka. "Basi asende huyu. Ende Kipaza wa kwenye simu. Nnatengeneza video fupi, ya kuchekesha, kama ya mbuzi. Weye unaomba radhi, mkeo, Mama Nadra, anacheka. Mwanamke akishacheka, nusu ya safari imekwisha."

Ubwa akaguna. Lakini hakukataa, na kwa mtu aliyekataa kila kitu tangu miaka ya sabini, hiyo ilikuwa ni ndiyo.

"Nitazame nikupige picha. Cheka."

"Nacheka."

"Hapo unahutubia, Kipaza. Cheka."

Picha ikapatikana. Ikaja kazi ya kuieleza mashine inachotakiwa kufanya, na hapo kila mmoja akawa mkuu wa filamu. Walikubaliana jambo moja tu: mtu haendi kumrejesha mkewe mikono mitupu. Atapeleka doti ya kanga. Hapo wakashuka kwenye jina, yale maneno yanayochapwa chini ya kanga, ambayo ndiyo kanga yenyewe. Hayo mengine ni maua tu. Mwanamke wa Unguja akiletewa kanga hatazami rangi kwanza. Anatazama imesema nini.

Hakimu alitaka maneno marefu ya kisheria, yanayoomba suluhu bila ya kuathiri haki za upande wowote.

"Hiyo kanga itafika mpaka Bububu," alisema Hafiz. "Tutie neno la mapenzi. Lenye moyo mwekundu."

"Mtu na umri wake?"

"Rudi," alisema Mcha.

"Rudi nini?"

"Rudi tu."

"Mie nasema tuandike, Maji Hayajatoka Tangu Jumatatu," alisema Ubwa.

Wakamtazama.

"Kanga hiyo au bango?" aliuliza Hakimu.

"Kwani si kweli?"

"Ni kweli. Ndiyo maana hatuiandiki."

Wakabishana mpaka kivuli cha nguzo kikapanda ukuta. Mwisho Hafiz akasema, "Nnaiachia mashine ichague jina yenyewe. Ishasoma kanga zote za dunia." Na hapakuwa na aliyepinga, kwa kuwa kila mmoja aliona bora ishinde mashine kuliko ashinde mwenziwe; na hivyo ndivyo mambo mengi ya nchi hii yalivyopata kuamuliwa.

Video ya kwanza ikatoka. Uso ni wa Ubwa, umepunguzwa miaka thelathini, kapiga goti moja, kashika kisanduku cha pete, na nyuma yake mlima wa theluji.

"Mtoni imeanguka theluji lini?" aliuliza Hakimu. "Na mwambie anyanyuke. Huyu anaomba radhi au anafunga kamba ya kiatu?"

Ya pili alisimama, lakini nyuma yake anapita simba.

"Umeiandikia nini?"

"Nimeandika Afrika."

"Andika Unguja."

Akaandika Unguja. Ikaja pwani nyeupe, wageni wamelala kwenye viti, na Ubwa anawapitishia sinia la madafu, kavaa shati lenye minazi.

Ubwa akasimama. Mishipa ya shingo ikatoka, ile ya hotuba. "Mnaona? Nshasema siku zote hapa. Ukiitaja Unguja, anaonekana mgeni kwanza, na mwenyewe anabeba sinia. Hata mashine inajua hivo. Nani kaifundisha? Mie nakumbuka pwani ile, kabla ya ukuta, tulikuwa tukipita..."

"Kaa, Kipaza," alisema Hakimu. "Mashine haijatukana. Imenukuu."

Akaandika Jang'ombe. Mashine ilikuwa haijapata kuisikia Jang'ombe, ikawapeleka kwenye mji wenye taa za rangi na baiskeli nyingi, hata hawakujua nchi gani. Ikabidi waieleze kama mtu anavyomuelekeza mgeni njia: uchochoro, mabati, kamba za nguo, nguzo ya umeme, paka. Polepole mtaa ukaanza kufanana. Ubwa akavaa kanzu na kofia. Kofia ilikaa vizuri sana. Vidole vilikuwa sita.

"Kiache," alisema Ubwa. "Cha ziada kitafaa kwenye kompresa." Halafu akasogea karibu, akasema kwa aibu kidogo, "Litie na friji. Kama ndilo lenye kosa, na liende likaombe lenyewe."

Pale ndipo video ilipopata roho. Mashine haikumjua Muunguja, lakini friji ililijua barabara. Ikatoa friji jeupe la zamani, lenye bonyeo ubavuni, lina miguu mifupi kama ya bata, limefungwa kamba, na Ubwa analivuta kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Linapita Mtoni, watoto wanalifuata. Linafika mlangoni, linabisha hodi kwa mlango wake wenyewe. Ubwa anakunjua kanga, anaishika mbele. Friji linafungua kinywa, barafu zinalitoka machoni moja moja.

Sauti ndiyo iliyowasumbua. Kila Ubwa wa kwenye simu alipofungua mdomo, alitoka mtangazaji wa dawa ya mbu.

"Mfute sauti," alisema Hakimu. "Yeye anyamaze, liseme friji."

Na friji likasema, kwa sauti ya maji maji: "Mama Nadra, nimekosa. Nimekuvujia upande wako. Kompresa yangu imekufa, lakini nakuahidi sitavuja tena. Nisamehe. Nitakaa ukumbini."

Mcha alimwaga kahawa. Haijapata kutokea. Hakimu alijipangusa macho kwa ncha ya kanzu, akaomba irudiwe, ikarudiwa, ikarudiwa tena, na kila mara watu walilitazama friji tu. Ubwa alicheka mpaka akashika nguzo. Tangu Amne aondoke, ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka kwa tumbo.

"Irushe," alisema.

Hafiz akairusha Mtoni. Usiku ule Ubwa aliingia kwake, nyumba tupu, binti yao Nadra yuko masomoni Dar, akasimama mbele ya lile friji lenyewe, lililokuwa bado linavuja, akaligonga bega. "Umefanya vizuri," aliliambia. Ndilo neno pekee lililosemwa ndani ya nyumba ile, siku ile na nyingi kabla yake.

Alkhamisi video ilikuwa imeshatembea kuliko mbuzi, kwa Jang'ombe angalau. Mwenye bodaboda anapita: "Kipaza, friji halijambo?" Mtu hamjui anampungia: "Nitakaa ukumbini." Ubwa aliwapokea kama mtu aliyeshinda uchaguzi usio na malalamiko. Laasiri kijiwe kilijaa, na alikaa pale katikati, anangoja habari ya Mtoni.

Ilikuja kwa Bi Time. Bi Time hajapata kuvuka uchochoro. Wanaume huenda kwake na bakuli zao. Siku ile aliacha sufuria, akavuka, simu mkono mmoja na upawa mkono mwengine.

"Amne kaleta ujumbe wa sauti," alisema. "Kauleta kwangu. Tulieni."

Akabonyeza. Ubwa akaisikia sauti ya mkewe, na mkono wake ukaenda wenyewe kuweka kofia sawa.

"Time, shoga yangu. Waambie hao wazee wa Transfoma nimecheka. Mama kacheka mpaka tumemletea maji. Friji nimelisamehe. Limekuja vizuri, limebisha hodi, limesema kosa lake kwa mdomo wake, limelia. Jumamosi likitaka kwenda Fumba tutalipakia."

Kijiwe kikacheka. Hafiz akapigwa mgongoni.

"Lakini huyo mwanamme aliyelishika kamba," sauti ikaendelea, "huyo nilimngoja aseme. Nimeirejea video, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Hamna. Friji linasema, yeye kasimama. Nikasema basi pengine maneno kayatia kwenye kanga. Nikaikuza kanga ikajaa simu nzima. Haina jina, Time. Pindo lipo, mji wa katikati upo, maua yapo, pahala pa jina peupe. Hata mashine imemjua. Imeambiwa imtafutie mtu huyu neno la kumwambia mkewe, imetafuta dunia nzima, imekosa. Basi. Mie nafunga nguo zangu. Wasalimie."

Safari hii hapakuwa na aliyecheka. Hafiz aliitoa simu yake haraka, akaikuza ile kanga. Vichwa vikagongana. Ilikuwa nyeupe pale, nyeupe kama kilemba.

"Yaani watu wazima sote," alisema Hakimu, "na hakuna aliyeitazama."

"Tulikuwa tunalitazama friji," alisema Hafiz.

"Kama Hakimu angekubali neno langu," alianza Ubwa, na sauti ilikuwa inarudi, ile kubwa. "Hata la maji. Lingekuwa neno. Halafu Amne ananambia mie sina la kusema? Mie? Mtaa huu nani anasema kuliko mie?"

"Hakuna," alisema Bi Time. "Hapa."

"Hapa vipi?"

"Hapa unasema. Ukifika kwako yameisha." Bi Time alikalia ncha ya baraza, upawa umelala kwenye magoti. "Leo umeuliza, sasa sikiliza. Muhiddin wa Makunduchi alipofariki, ulilia hapo ulipokaa. Uliwasimulia hawa mlivyokuwa watoto, mnapanga foleni pamoja, mnaweka jiwe moja kushikia nafasi ya wawili. Mie nilikuwa nasikia, nikalia na mie, bajia zikaungua. Weye ukenda kwako, ukala, ukalala. Amne kaujua msiba wako asubuhi, kwangu, alipokuja kununua urojo. Unajua alinambia nini? Kanambia, Time, mume wangu habari zake nazinunua kwako pamoja na bajia."

"Sikutaka kumbebesha," alisema Ubwa.

"Alikwambia umbebeshe? Alitaka kuambiwa."

Ubwa akaukumbuka usiku ule. Sahani ilikuwa ya muhogo. Amne alikaa mbele yake, akamuuliza, umeshindaje, naye akasema, salama. Alidhani ile ni heshima. Alidhani nyumba ni pahala pa kuupumzisha mdomo, kama fundi anavyoweka sanduku la spana nyuma ya mlango. Hakujua kuwa kuna mtu ndani anangoja sanduku lifunguliwe.

"Nnatengeneza nyengine," alisema Hafiz. "Sasa hivi. Hii na jina, na sauti yako mwenyewe, nnairekodi hapa hapa. Sema."

Ubwa akafungua mdomo. Watu wakainama. Halafu akaufunga.

"Kunywa," alisema Mcha, akamnyooshea kikombe.

Akatikisa kichwa. Akasimama, akakung'uta shati, akashika njia ya kwenda Mtoni.

"Kanuna huyo," alisema Hakimu. Alingoja, akaona si mchezo, akamrushia kitu ambacho Ubwa hajapata kukiachia kipite maisha yake yote. "Mie naikumbuka miaka ile ya foleni. Mchele ulikuwa tele."

Ubwa akasimama. Shingo ikavimba, ikavimba, hata Hafiz akasogea pembeni. Kisha akapiga hatua, na nyengine, akakata kona bila ya kusema neno.

"Muacheni," alisema Bi Time, akanyanyuka na upawa wake. "Kajaa huyo. Mkimfungulia hapa, atafika Mtoni mtupu."

Kwa Bi Shemsa alikuta feni imeshafungwa darini, kwa hiyo hata kisingizio cha kutazama dari kilikuwa kimekwisha. Akaamkia, akaitikiwa marahaba, akaletewa chai. Amne alikuja akakaa karibu na mlango, mbele ya mafurushi, cherehani imefunikwa shuka kama mgonjwa. Hakumtazama. Ubwa alikuwa kazipanga radhi zote njiani, moja nyuma ya nyengine. Akazitafuta, akazikosa. Lililotoka ni jengine kabisa.

"Tulikuwa na jiwe," alisema. "Mie na Muhiddin."

Amne akageuza uso.

Ijumaa, baada ya Laasiri, Hafiz ndiye aliyemwona kwanza. Ubwa anakuja na uchochoro, jasho linamtoka, cherehani begani.

Hapakuwa na haja ya kuuliza. Hakimu alivua kofia, akaivaa tena. Mcha akamimina kahawa kabla hajafika. Ubwa akaitua cherehani barazani kwa adabu kama anamkalisha mkwe, akakaa, akatabasamu, akanyanyua mkono kusalimu.

"Vipi, Kipaza?"

Ubwa akagusa koo lake, akapungia kiganja. Hakuna kitu.

"Sauti imekwenda wapi?"

"Itakuwa imebaki Mtoni," alisema Bi Time kutoka ng'ambo, simu keshaishika. "Amne anakuja na gari ya Abdulwahid. Lakini katanguliza ujumbe."

Akaupandisha ili uvuke uchochoro.

"Time, waambie hao wazee. Kaanza baada ya chai. Mama kalala, kaamka, kamkuta mwaka wa themanini na tatu. Abdulwahid kaja kuniuliza Fumba nnakwenda au siendi, kakaa kungoja pahala pa kuingilia, kakosa, kasimama kaondoka. Radhi yenyewe hajaifikia, lakini naiona kwa mbali inakuja. Mwambie Hafiz anitengenezee video: mume wangu kakaa, friji limesimama, wote wawili kimya. Asiirushe lakini. Aiweke tu. Habari ya Muhiddin haijesha, na mie nataka kujua lile jiwe liliishia wapi."

Kijiwe kilicheka mpaka wapita njia wakasimama kujua kuna nini. Ubwa alicheka pia, bila ya sauti, mabega tu yanapanda na kushuka.

Hakimu akakohoa. Akaketi sawa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyengoja siku hii tangu aajiriwe.

"Kwa hivo leo upande wa pili hauna sauti," alisema. "Basi na mie niseme. Miaka ya foleni, mchele ulikuwa tele. Watu walikuwa wakipanga foleni kwa kupenda kuonana."

Ubwa akafungua mdomo. Kikatoka kitu kama gesi inayovuja kwenye bomba.

"Hakuna pingamizi," alisema Hakimu. "Kesi imefungwa."

Juu ya nguzo transfoma ikanyamaza, kwa kuwa joto lilikuwa limeshaanza, na watu wakaanza kutafuta makubadhi yao. Ubwa alimaliza kahawa, akamnong'oneza Hafiz sikioni, akaitia cherehani begani, akaelekea kwake kabla ya gari kufika.

"Kasema nini?" aliuliza Hakimu.

"Kasema yule mbuzi hata siku moja hakusema uongo kama huo."

"Mwambie arudi ajibu mwenyewe."

"Hawezi," alisema Hafiz. "Kasema sauti iliyobaki ina mwenyewe."